Kiondo Mazoezini

Tangu astaafu, Kiondo alikataa kila mwaliko, hata wa harusi. "Mimi mzee sasa," alisema. "Niacheni nipumzike." Jumamosi moja mkewe alimburuta hadi kwenye mazoezi ya ngoma, naye akajitupa kitini pembeni.

Mara akamwona bibi mmoja katikati ya wachezaji waliokuwa pekupeku, akichezesha mabega huku jasho likimtiririka. Kiondo akatoa macho. Alikuwa Mwalimu Namsifu, aliyemfundisha kusoma!

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kutoka kitini. "Kumbe bado unacheza?"

"Marahaba, Kiondo. Na wewe kijana, mbona umekaa kama uko matangani?"

Kijana! Neno hilo lilimwingia kama kofi. Ngoma ilizidi kurindima. Kiondo akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.