Fundi Asiyebisha Hodi

Pikipiki iligoma tena. Kipisi alishusha mguu kutoka kwenye kiki, akafuta jasho kwa bega, akatega sikio. Nje kimya.

Mpaka hapo siku ilikuwa imemnyookea hadi akaona haya. Geti lilirudishiwa tu, halikufungwa. Mbwa alikuwa kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, anatafuna mfupa, hana habari na mtu. Kufuli ya stoo ilining'inia wazi. Na pikipiki yenyewe ni zile za mashindano ya porini, matairi yenye meno, hazina ufunguo. Ukiiwasha tu, umeshaondoka nayo. Ila hii ilikaa stoo muda mrefu, na kuwaka ilikuwa haitaki.

"Iache hiyo kiki, utaivunja."

Kipisi nusura aruke. Mlangoni alisimama mama mwenye nyumba, aproni kiunoni, mikono ina povu la sabuni. Kipisi aliupima upana wa mlango, akampima na mama. Hapakubaki nafasi ya kupita.

"Wewe si ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama." Ulimi ulitangulia, akili ikafuata.

"Mbona hukubisha hodi?"

"Nilikuta mlango wazi."

"Afadhali. Hodi zinapoteza muda. Haya, piga kazi. Mwenyewe anarudi mchana huu, na kitu cha kwanza ni kuja hapa. Ameshaapa."

Kipisi aliinama. Kweli aliwahi kuwa fundi, mpaka gereji ilipomfukuza kwa sababu vipuri vilikuwa na tabia ya kumfuata nyumbani. Mara ya mwisho hakimu alimwambia kwamba wakionana tena, atamfunga mpaka asahau hata rangi ya mlango wa kwao.

Alifungua tangi, akanusa. Petroli ilikuwa imechacha, inanuka kama vanishi.

"Hii imekufa, mama. Inatakiwa mpya."

"Iko nyuma ya mlango."

Ilikuwepo kweli, dumu zima. Kipisi alimwaga ya zamani, akachomoa plagi. Nyeusi, imeota kutu. Kabla hajaomba msasa, mama alishatoa plagi mpya mfukoni mwa aproni.

"Yule wa juzi aliipiga kiki mpaka mguu ukamwisha nguvu," alisema, "akaenda zake bila hata kuaga. Nikasema hapana, hapa lazima kuna kitu kimeharibika."

"Mafundi wengine bwana..." Kipisi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Wavivu. Hata kutazama plagi!"

Simu ya mama ililia. "Mmeshaitwa? Foleni? Basi kaeni kwenye foleni, baba, mnakimbilia nini? Nyumba haihami." Alikata, akachungulia upande wa geti. "Fundi, mkono mzito huo. Changamka."

Hakuwa na haja ya kumharakisha. Kila gari lililopita barabarani, Kipisi aligeuza shingo getini. Alifungua kabureta, akakuta kitundu kidogo kimeziba kwa utando wa kijani. Mama alinyofoa waya mmoja kwenye brashi ya chuma, akampa. Akazibua, akapuliza, akarudishia. Ndani ya chujio la hewa alikuta panya wamejenga kiota. Alikitupa pembeni, kikaangukia viatu virefu vya kuendeshea. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimepasuliwa kwa mkasi kutoka juu mpaka kisiginoni. Kipisi alisikitika, jozi nzima ingeuzika.

"Si mngeiuza tu, mama?" aliuliza, ili asikae kimya kama mwizi.

"Niiuze mimi? Humu ndani ruhusa yangu ni kuifuta vumbi. Baba mtu anamwambia kijana, chombo chako kinakusubiri. Kijana usiku anaota anakiendesha. Niiguse mimi, nisisemeshwe mpaka nizeeke? Piga kiki."

Ya kwanza, kikohozi. Ya pili, moshi. Ya tatu pikipiki ikanguruma, mabati yakatetemeka, mbwa akasahau mfupa. Mama alifumba macho, akayakaza, kisha akayafumbua.

"Lazima niijaribu barabarani," Kipisi alisema kwa sauti ya juu, akijitahidi isisikike kama ombi. "Mzunguko mmoja tu, mama."

"Jaribu. Chukua na kofia, ile pale."

Hakuyaamini masikio yake. Aliisukuma mpaka uani, akapanda. Mama alifungua geti mwenyewe, pande zote mbili, akatoa kichwa nje, akatazama huku na huku. Kipisi akaanza kumwonea huruma. Mama wa watu, petroli katoa yeye, plagi katoa yeye, na sasa geti. Jioni atalia, na mume atamsema mpaka asubuhi. Kipisi alijaribu kutomtazama usoni, akashindwa.

"Nitairudisha sasa hivi, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaribia kumaanisha.

Mama alimvalisha kofia, akamkaza mkanda chini ya kidevu kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Ole wako uirudishe," alisema. "Usipite kulia, ndiko watakakotokea. Na ukiiuza, iuze mbali. Mwanangu anatolewa plasta ya mguu leo."