Dawati la Mbele

Dawati la mbele lilikuwa na misumari miwili iliyochomoza, na sketi ya msichana ilikuwa imeshaionja yote miwili. Hakulalamika. Mtu haombi kuhamishwa mahali kama pale.

Alihamia shule ile baada ya mama yake kupata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Kesho yake baada ya mtihani wa kuingilia, mwalimu wa darasa alimshika bega. "Wewe utakaa hapa, karibu nami." Msichana alitazama nyuma yake, akidhani anaambiwa mwingine. Kule alikotoka, dawati la mbele lilikuwa la watatu wa kwanza, na yeye hakuwahi kulisogelea hata kwa kulifuta vumbi. Miaka sita alikaa nyuma kabisa, ukutani, na miaka sita alijijua kuwa mtu wa ukutani.

Jioni alimweleza mama, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, mama."

Mama alitoa mguu mmoja majini. "Basi usiniangushe, mwanangu. Mwenzio masomo yalinipita hivi hivi."

Tangu siku hiyo msichana hakujua raha. Kukaa na vichwa vya darasa ni kazi. Aliamka alfajiri, akasoma huku akisubiri maji ya kuoga yachemke. Macho yalimwasha, shingo ilimkakamaa, na mara mbili alisinzia wima akianika sare yake. Si kwamba alipenda vitabu kiasi hicho. Aliogopa kugundulika. Siku moja mwalimu angepekua makaratasi yake, aone alikosea kumweka mbele, amrudishe ukutani, na mama angeambiwa nini?

Wenzake wawili wa dawati walimchosha zaidi, maana wao hawakuhangaika hata kidogo. Mmoja, ambaye darasa zima lilimwita Mto, alilaza uso mezani tangu kipindi cha kwanza. Mwingine, Kifutio, aliandika mstari mmoja akafuta miwili, hakuridhika kamwe. Msichana aliwaonea wivu. Waliozaliwa na akili zao hawana haraka, alijiambia. Yeye ya kwake alikuwa akiikusanya kwa kijiko.

Mwalimu hakubanduka pale mbele. Alieleza mambo akiwaelekea wao watatu, mpaka sauti ikamkauka na chaki ikamjaa mabegani. Kule nyuma watu walifunga madaftari mapema wakanong'ona. Msichana alikijua sana kile kicheko cha chini chini, naye alikicheka miaka sita.

Kuhusu nafasi za watu, mwalimu hakuwa na maneno. Majaribio yalirudi yamesahihishwa bila alama. "Mkiziona mtaanza kulinganishana," alisema. Nafasi zilijulikana mara moja tu, baada ya mtihani wa kufunga mwaka, na kwa matokeo hayo madawati yalipangwa upya.

Katikati ya mwaka uchovu ulimzidi msichana. Alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, una hakika mahali pangu ni hapa?"

Mwalimu alikuwa na madaftari hamsini mbele yake, na macho ya mtu aliyeyasahihisha yote. "Kwa sasa ndiyo," alisema. "Usivunjike moyo."

Msichana alisikia lile "kwa sasa" tu. Kesho yake aliamka nusu saa mapema zaidi.

Mtihani ulikuja ukapita. Likizo aliimaliza bila hamu ya kula. Siku ya kufungua shule, darasa lilisimama ukutani huku mwalimu, ambaye alipanda nao darasa, akiwa ameshika orodha. Mlangoni alisimama msichana mgeni, karatasi yake ya mtihani wa kuingilia ameikunja mara nne na kuibana kifuani.

"Mto, hapo hapo ulipokuwa. Kifutio, hapo hapo."

Kisha mwalimu akamtazama msichana.

"Wewe beba mkoba wako. Kule nyuma kabisa."

Alikusanya vitu vyake, kalamu ikadondoka, akaiacha. Alimwona mama yake na miguu yake kwenye beseni. Mwaka mzima wa alfajiri umekwenda bure, na bado kulikuwa na jioni ya leo, ambapo angelazimika kusema.

"Nimekuwa wa ngapi, mwalimu?" aliuliza, ili aumie mara moja yaishe.

Mwalimu aliinama akamwokotea kalamu.

"Wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa mbele nawaweka walioshika mkia, wawe karibu nami. Kwani hukujua?"

Msichana aliipokea kalamu. Mgeni alikuwa ameshaitwa kwa kidole. Alikuja akinyata, kama mtu anayeomba radhi kwa kufika, akaketi juu ya msumari. Karatasi bado aliibana. Akamvuta msichana mkono.

"Dada, samahani. Hapa wanakaa kina nani?"

Msichana aliitazama karatasi iliyokunjwa mara nne. Akamtazama Mto, ambaye uso wake ulikuwa umeshafika mezani.

"Vichwa," akasema.

Mto akainua uso.