Mayai Chini ya Kuku

Nesi wa Kendu Bay alisema Javan, ndugu yangu mdogo, apewe yai kila siku. Mama akakataa.

"Tukila yai moja tumekula kuku mzima. Tungoje yaanguliwe."

Tukangoja. Sasa miguu ya Javan imevimba. Nikibonyeza na kidole, shimo linabaki.

Leo Mama ameingiza mkono chini ya kuku, ikamdonoa mpaka damu. Akapasua yai kwa sufuria. Kifaranga ikaanguka, imejikunja, manyoya imelowa.

"Mama, hiyo si yai tena."

"Nyamaza."

Akatoa lingine, akaliweka kwa sikio. Hata mimi nilisikia kitu inagonga ndani.

Javan alikuwa amefungua mdomo tayari.