Ukucha wa Fundi Viatu

Dukani, fundi viatu alibonyeza ukucha wa dole gumba kwenye mfupa mkavu wa kutafunwa na mbwa. Haukuacha hata alama.

"Hili jiwe," akasema. "Mbwa wangu amepasuka jino kwa mfupa kama huu."

"Mzee, unanunua au unakagua?" muuzaji akauliza.

Lakini ndivyo alivyozoea kupima soli: ukucha ukigoma, soli itapasukia mguuni. Akajaribu kwato, akajaribu pembe, navyo vya mbwa kutafuna. Vyote viligoma. Vilivyokubali ukucha vilikuwa na bei ya kutia kizunguzungu.

Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bosi, mbwa wake, alikuwa amejilaza chini ya meza. Siku ya tatu hiyo anaramba uji tu, kutafuna anaogopa.

Mkewe alikuwa akimenya karoti. Fundi akanyakua moja, akaibonyeza. Ukucha ukazama.

"We baba, hiyo ni ya mchuzi!"

Fundi alishapiga magoti, akimpa Bosi karoti.

Bosi akainusa, akaigeuza taratibu mpaka upande wenye meno mazima. Akasita.

Kru!

Mke akamtazama mbwa, akaitazama sufuria. Kisha akasogeza bakuli lote la karoti chini ya meza.

"Mchuzi utajijua," akasema.