Rangi ya Kichanga

Katika mji ule, mama huvaa mkufu wenye rangi moja kwa kila mtoto aliye hai. Msiwa alikaa mkekani akitunga wake wa kwenda harusini: shanga nyekundu za Jaha, binti yake mkubwa, kisha akachota za kijani.

"Hizo za nani?" aliuliza wifi yake, Mwanaidi.

"Za kichanga changu."

"Wifi, si tulishamzika? Tena kijani na nyekundu, utakuwa tikiti maji!"

Msiwa hakucheka. Alipitisha uzi katika shanga za kijani. Akafuatisha za njano, za Sauda, kijani kikakaa katikati ya dada zake.

"Mama, mkweo, atakutoa harusini mbele za watu. Utamwomba radhi?"

Msiwa alikaza fundo kwa meno, akajivika mkufu.

"Simwombi."