Mwandishi Asiye na Picha

Sir Shihab aliizungusha pete kwa kidole gumba mpaka jiwe likageukia upande wa kiganja, kisha akapiga. Kofi lilimpata Rosina juu ya jicho. Kichwa chake kikagonga mlango wa friji, naye akaporomoka sakafuni.

"Nani kakuita jikoni?" sir aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa.

Damu ilimwingia Rosina jichoni, ikadondokea aproni. Sir akampiga teke la ubavuni, moja tu, bila haraka. "Khalas, imetosha," akasema, akanyoosha mikono ya shati. Saa nane alikuwa na mhadhara hotelini Al Garhoud, na hakupenda kuchelewa.

Madam Khairunisa alikuwa ameketi sakafuni kando ya mashine ya kufulia, miguu ameikunja, kiganja juu ya jicho, vile vile Rosina alivyomkuta alipoingia. Alingoja mpaka mlango wa chumba cha kusomea ulipofungwa.

"Vaa mtandio, ushushe mpaka hapa," alisema huku akigusa nyusi, kwa Kiswahili cha bibi yake wa Unguja. "Watu wasione."

Akamsogezea vikopo vyake vya poda: kwanza ile ya kijani, ipakwe taratibu, halafu ile ya rangi ya ngozi. Alijua mpangilio wote. Lakini rangi yenyewe haikuwa ya ngozi ya Rosina, na poda ikamwachia doa jeupe kama chokaa.

Rosina alikuwa na cheti cha ualimu kutoka Songea. Miaka mitatu aliyofanya kazi katika nyumba hii ya mtaa wa Rashidiya, huku Uarabuni, sir hakuwahi kumwuliza kama anajua kusoma. Wala hakuwahi kutia mkono kwenye kikapu cha nguo za kupiga pasi. Chini ya mashuka zilikaa karatasi zilizoandikwa kwa penseli. Kila sir alipoondoka kwenda chuoni, Rosina alizitoa, akazichapa kwenye simu yake, akazituma kwa mchapishaji, kisha akazichana vipande vipande na kuvimwaga chooni. Kurasa mia mbili na kumi. Ikatoka riwaya ya Kiingereza yenye jina la kubuni na jalada lisilo na picha ya mwandishi.

Ilikuwa habari ya mwanamke anayepigwa jikoni na mtu anayeitwa "mwenye nyumba". Wahakiki walibishana juu yake. Mmoja alisema vipigo vimezidi, hakuna nyumba ya namna hiyo. Mwingine alisema Kiingereza kimenyooka mno kwa mtu wa jikoni. Sir Shihab, aliyejijengea jina kwa kuwahakiki wanawake wa leo wanaoandika kwa Kiingereza, aliitetea kuliko wote. Aliandika kurasa kumi na mbili katika jarida: mwandishi ni mtumishi wa ndani, hapana shaka, na huyo mwenye nyumba ni madam mwenye wivu. Mwanamke wa hadhi, aliandika, hajui jiko lake kwa undani hivyo. Kisha akamwalika mwandishi huyo kupitia kwa mchapishaji: ajitokeze kwenye mhadhara, mbele ya watu, yeye mwenyewe atakuwa ngao yake.

Jibu lilikuja kwa neno moja. Nitakuja.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Mercyline, mlinzi wa hoteli, Mkenya aliyesali kanisa moja na Rosina. Alimvuta pembeni, akauinua mtandio kidogo, akaushusha.

"Rosi, mimi si mjinga. Nimekuona na hiyo simu mwaka mzima. Ukisimama huko ndani, kafeel wako, yeye mwenye visa yako, anaifuta leo leo. Kesho uko kwenye ndege na mfuko wa nailoni."

"Neno limeshatolewa, Mercy."

"Haya basi. Ukikuwa staa, kumbuka chaja ilikuwa yangu." Alisema hivyo bila kucheka.

Watumishi waliokuja na mabwana zao walikaa safu ya mwisho, karibu na meza ya maji. Madam alikaa mbele kabisa, miwani myeusi usoni, na Kawthar, binti yao wa miaka miwili, alikuwa amelala mapajani pake. Mbavu za Rosina ziliuma kila alipovuta pumzi. Kazi yake ilikuwa moja tu, na alikuwa ameirudia kichwani njia nzima: atembee, asikimbie, asitazame jukwaani.

Sir alisoma ukurasa wa arobaini na moja kwa sauti nzuri yenye huzuni. Alisoma jinsi mwenye nyumba anavyoizungusha pete kabla ya kupiga, na jinsi jiwe linavyochana shavu, na jinsi anavyokwenda kunawa huku akiimba kidogo. Huku anasoma, kidole gumba chake kiliisukuma pete yake taratibu, mpaka jiwe likageuka. Hakujiona.

"Mwanamke huyu yumo humu," alisema, akafunga kitabu. "Nami najua anafanya kazi gani. Simama, binti yangu. Nikiwa hapa, hakuna wa kukugusa."

Watu mia mbili wakageuza shingo kutazama safu ya nyuma.

Rosina akasimama.

Makofi yalianza kwa wachache, yakaenea. Jukwaani, tabasamu la sir liliganda, na mkono uliokuwa juu ya kitabu ukajikunja ngumi. Rosina alitembea. Katikati ya njia mtandio uliteleza, doa jeupe na mpasuko wake vikaonekana, na waliokuwa karibu wakaacha kupiga makofi. Hakuurudisha. Alitembea mpaka safu ya mbele, akazipita ngazi za jukwaa bila kuzitazama, akainama, akanyoosha mikono na kumpokea Kawthar, aliyekuwa bado mzito wa usingizi.

Madam Khairunisa, mikono yake sasa ikiwa mitupu, akavua miwani, jicho lake lililovimba likaonekana, akasimama kuitikia ule mwito wa mwandishi.