Kijiko cha Maimuna

Tangu pumu ya ngozi impasue vidole, Maimuna aliacha kwenda kwenye shughuli za watu. Akialikwa tu, kichwa kinamuuma. Anajifungia chumbani na kulia. Safari hii mama yake alimburuta hadi harusini.

Sinia la wali na samaki lilipotua mbele yao, Maimuna alichomoa kijiko mkobani.

"Cha nini?" aliuliza Bi Zuwena, bikizee aliyeketi ubavuni pake.

Akamwonyesha vidole. "Nisije nikawatia kinyaa."

"Ugonjwa wenyewe unaambukiza?"

"Hapana, bibi."

"Basi nichambulie samaki. Kijiko hakijui mwiba."

Maimuna akanawa. Akapapasa mnofu, akatoa mwiba, akatoa mwingine. Ndimu ilimchoma kwenye nyufa, lakini hakuutoa mkono.

Alipoinua macho, Bi Zuwena alikuwa ameshaachama, anangoja tonge.